Mwenyekiti Ana Panga

Ujumbe ulioingia kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi ya binamu yangu ulisomeka hivi: "MwenyekiƟ ana panga kumwona baba wa binti Jumapili saa kumi."

Shangazi ndiye aliyewahi kujibu. "Panga la nini tena, jamani? Mahari si tulishamaliza?" Mjomba wa Tanga akauliza kama kuna jambo ambalo wazee hawajaambiwa. Mwenyekiti mwenyewe, mwalimu mstaafu asiyeweza hata kuchinja kuku, alikuwa safarini na simu imeisha chaji, kwa hiyo kimya chake kikachukuliwa kuwa jibu. Mle kundini alikuwamo pia dada wa bibi harusi. Ujumbe aliusoma, neno hakutia.

Katika ukoo wetu, mwenye kompyuta mpakato huhesabiwa kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Nikapigiwa. "Mwanangu, hebu itazame hii PDF ya muhtasari wa kikao. Katibu anaapa hakuandika panga."

Na kweli hakuandika. Kwenye faili lake la Word ilikuwa "Mwenyekiti anapanga", neno limeshikana barabara. Hata ile PDF, ukiitazama kwa macho tu, haikuwa na dosari. Balaa alilileta Baba Mdogo kwa huruma yake: aliwafikiria wale ambao simu zao hazifungui PDF, akanakili maandishi na kuyabandika kundini.

Tatizo ni kwamba tunaitarajia PDF ifanye kazi ambayo haikuajiriwa kuifanya. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Adobe, aliandika pendekezo la mradi alioupa jina la Camelot. Alitaka hati ionekane vilevile kwenye mashine yoyote na kwenye karatasi yoyote. PDF ikatoka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Ahadi ilikuwa sura. Maneno hayakuahidiwa. Ndani ya faili kuna maagizo tu: hii a ikae hapa, hii n ikae pale, kwa kipimo ambacho kimoja chake ni sehemu ya 72 ya inchi. PDF ni kama mpangaji wa wageni ukumbini: anajua kila mtu akae kiti gani, hajui nani ni mke wa nani.

Hata ile nafasi kati ya neno na neno huenda isiwemo kabisa, likawapo pengo tupu. Ukinakili, programu hupima mapengo na kukisia: hili dogo, basi herufi ni za neno moja, hili limezidi kidogo, basi hapa limeanza neno jingine. Na kwa kuwa neno moja linaweza kuhifadhiwa vipande vipande, hasa aliyeliandika akirudi kulisahihisha katikati, kipande cha "ana" na kipande cha "panga" huachana kirahisi. Kibaya ni kwamba Kiswahili chetu hakivunjiki kikawa upuuzi wa kuchekwa. Kinavunjika kikawa sentensi kamili yenye kuleta kesi. Bwana anayekaa Mbagala anakuwa bwana ambaye ana kaa Mbagala, nawe unabaki kujiuliza kaa huyo ni wa mkaa au wa baharini.

Ile Ɵ nayo si uchawi, ingawa Shangazi alishaanza kuuliza ni lugha gani. Zipo fonti zinazounganisha t na i zikawa umbo moja, kwa ajili ya urembo. Faili lisipoeleza kwamba umbo hilo ni herufi mbili, anayenakili huokota alama ya ajabu. Neno "kamati" lenyewe lilipata ajali hiyo kila lilipotajwa, na muhtasari wa kikao cha kamati hulitaja sana.

Panga lilipoelezwa likaeleweka, mhazini akatoa orodha ya ahadi. Hapo ndipo ndugu walipotaka kukosana kwelikweli, kwa maana panga ni panga tu, lakini hizi zilikuwa pesa. Majina aliyaweka kushoto na fedha kulia, na katikati akasukuma kwa kitufe cha nafasi mpaka tarakimu zilipokaa sawasawa machoni pake. Akapeleka faili steshenari ligeuzwe PDF. Mashine ya pale haikuwa na fonti yake, ikaazima nyingine yenye herufi pana zaidi. Zipo fonti zilizotengenezwa makusudi kuepusha ajali hiyo, kwa mfano Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri. Ya mhazini haikuwa na pacha. Mistari mirefu ikafurika, na fedha zikaangukia chini, juu kabisa ya jina la anayefuata. Aliyeahidi laki mbili akaonekana hajaahidi kitu. Mjomba, aliyeahidi elfu ishirini, akaanza kupongezwa. Alizipokea pongezi zote.

Kijana wa steshenari alitazama ile karatasi, akatikisa kichwa. "Hii ina virusi, kaka. Buku mbili naisafisha." Kirusi kilikuwa kidole gumba cha mhazini. Ukiwasha alama zilizofichika ndani ya Word, kwa kitufe chenye umbo la ¶, kila nafasi hujitokeza kama nukta, na orodha yake ilikuwa nukta tupu kutoka jina hadi shilingi. Nikaiweka kwenye jedwali, nikaihifadhi kwa mtindo wa PDF/A, unaolazimisha fonti zote zipachikwe ndani ya faili, na tarakimu zikatulia.

Kwa hiyo, makatibu na wahazini wa kamati zote: jedwali lipo, litumieni. Muhtasari ukienda kwa wakwe, uende ukiwa PDF yenyewe, na yeyote atakayenakili asome kwanza alichobandika. Na wewe uliyeahidi laki mbili, tarakimu zako zimerudi mbele ya jina lako. Lipa.