Mwamapalala Yaomba Mafunzo ya Kupika Ovyo

Kwa Bodi ya Utalii Tanzania,

Kata ya Mwamapalala, Wilaya ya Itilima, inaleta ombi moja. Mkoa wa Simiyu unapakana na Serengeti, kwa hiyo ipo siku watalii watapotea njia wafike huku. Kabla ya siku hiyo, mama lishe wa Mwamapalala wapelekwe Zanzibar wakasomee kupika ovyo.

Kwa sasa hawawezi. Anayeketi kwenye benchi leo ndiye aliyeketi jana: bodaboda, mwalimu, mnunuzi wa pamba. Michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa isipoiva, au maziwa mgando yakiongezwa maji, habari hufika mnadani kabla sufuria haijaoshwa, na kesho wateja wote wako kwa jirani. Hata bei haipandishiki, maana kila mtu anaijua. Hiyo nayo ni biashara?

Chuo chenyewe ni Bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, iliyofunguliwa upya 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture. Jioni, muuzaji aliyevaa kofia nyeupe ya mpishi humpangia mgeni mishkaki ya pweza na kamba iliyokwisha kuchomwa zamani. Ikichaguliwa, hurudishwa kwenye makaa ipate moto wa pili. Bei hukadiriwa kwa kutazama viatu vya mteja. Pweza akiwa mgumu kama kandambili, hakuna neno: kesho mlaji yuko kwenye boti ya Dar.

Hatua chache tu, bustani ileile, urojo unanyweka hasa. Bajia hazijalala, ukali umekolea, muhogo unakatika mdomoni. Wanywaji wake wengi ni wenyeji, na kesho watapita tena.

Haki itendeke: wachomaji hodari wapo, ila mgeni atawatambuaje? Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alilieleza tatizo hili kwa mfano wa magari mitumba: mnunuzi asiyejua zima na bovu hulipa bei ya katikati, na mwenye gari zima huona bora asiuze. Papasi anayemsindikiza mgeni anajua vizuri pa kula. Anampeleka penye kamisheni.

Wahitimu wafundishwe pia lunch boksi ya safari: yai la kuchemsha, paja la kuku lililopoa, juisi ya pakiti. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga visiingizwe humo kamwe. Vinakaa kutwa nzima kwenye gari bila kuchacha, na mgeni anaweza kuuliza vinauzwa wapi.