Jinsi ya Kuishinda Mahakama Bila Kuigusa

Mheshimiwa mtarajiwa, hongera kwa ushindi. Kabla hujampigia mkuu wa majeshi, weka simu chini. Mapinduzi ya vifaru na kuteka redio ya taifa yamepitwa na wakati: yana gharama, yanaleta vikwazo, na aghalabu aliyepindua naye hupinduliwa na msaidizi wake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa mujibu wa sheria. Mwalimu wetu ni Viktor Orbán wa Hungaria, aliyerudi madarakani mwaka 2010, na mwongozo huu unafuata nyayo zake. Kanuni ni moja tu: usishindane na haki. Iache ishinde, ila ichelewe.

Mahitaji

Uchaguzi mmoja halali, ulioushinda kwelikweli. Huu usiuchakachue, maana utautaja kila siku.

Theluthi mbili ya viti bungeni. Si lazima ziwe theluthi mbili za kura. Mwaka 2010 chama cha Orbán, Fidesz, na mshirika wake walipata asilimia 53 hivi ya kura, na hesabu za viti zikawapa zilizobaki.

Wanasheria wengi, wasomi, wenye njaa kidogo.

Adui mmoja anayeishi mbali.

Hatua ya 1: Andika katiba, na uiandike haraka

Kuna nchi zinazounda tume, zikakusanya maoni kijiji kwa kijiji, wajumbe wakala posho hadi wakanenepa. Wewe huna muda huo. Muswada wa katiba mpya ya Hungaria uliingia bungeni katikati ya Machi 2011, na tarehe 18 Aprili ukapitishwa, huku wapinzani wengine wamesusia na wengine wakipiga kura ya hapana. József Szájer, mmoja wa waandishi wake wakuu, alijigamba kwamba aliiandika kwenye iPad. Mwaka huohuo mkewe, Tünde Handó, alichaguliwa kwa kipindi cha miaka tisa kuongoza ofisi mpya ya kusimamia mahakama, yenye sauti kubwa katika uteuzi wa majaji. Wenye midomo watasema ni kulindana. Wewe sema ni familia inayojitolea kwa taifa.

Hatua ya 2: Wahurumie wazee

Usimfukuze jaji hata mmoja. Anayefukuza majaji huitwa dikteta. Anayewapumzisha huitwa mwenye utu. Majaji wa Hungaria walikuwa wakiruhusiwa kufanya kazi hadi miaka 70. Sheria mpya ikashusha umri huo hadi 62, na kwa kalamu hiyo moja takriban jaji mmoja katika kila kumi akaambiwa akapumzike. Umri ukiwa ndio kipimo, huna haja ya kutafuta vigogo wa mahakama mmoja mmoja. Wao ndio wenye mvi.

Mwezi Novemba 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa umri. Hapo ndipo wanagenzi huharibu kazi kwa kufoka. Usifoke. Serikali ya Orbán ilitunga sheria nyingine: anayetaka kurudi arudi, anayetaka fidia alipwe. Ila aliyekuwa mkuu wa mahakama alikuta kiti chake kina mtu, ameteuliwa kihalali, hana kosa lolote. Ungemwinuaje? Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Hatua ya 3: Kwa mkaidi mmoja, badilisha kibao cha mlangoni

Atakuwepo mmoja asiyejua kunyamaza. Kule Hungaria alikuwa András Baka, rais wa Mahakama ya Juu, aliyeikosoa hadharani sheria ya kustaafisha majaji. Kipindi chake kilipaswa kumalizika mwaka 2015. Kumtimua kungezua kelele. Basi Mahakama ya Juu ikafutwa tangu mwanzo wa mwaka 2012, na mahali pake ikazaliwa nyingine iitwayo Kúria, jengo lilelile, kazi ileile.

Kiongozi wa Kúria alitakiwa awe amekuwa jaji ndani ya Hungaria kwa miaka mitano. Baka alikuwa amekaa miaka 17 kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg. Miaka hiyo haikuhesabiwa. Angalia ufundi huo, mheshimiwa: mtu aliyehukumu kesi za bara zima hakuwa na uzoefu wa kutosha kwa ofisi aliyokuwa ameikalia jana.

Alishtaki hukohuko Strasbourg, akashinda mwaka 2014. Serikali ikapeleka shauri mbele, akashinda tena Juni 2016, na akatengewa fidia. Kufikia siku hiyo kipindi alichokuwa anakidai kilikuwa kimekwisha zamani. Fidia ilipe, tena kwa tabasamu. Fedha zenyewe si zako.

Hatua ya 4: Ukila na kipofu, usimshike mkono

Usifungie gazeti. Gazeti lililofungiwa husomwa na dunia nzima. Acha wafanyabiashara marafiki wayanunue magazeti, kisha siku moja wapatwe na ukarimu. Novemba 2018 wamiliki wa vyombo vya habari zaidi ya 400 vya Hungaria walivitoa bure kwa taasisi moja iliyokuwa upande wa serikali. Serikali ikatangaza kuwa jambo hilo ni la umuhimu wa kimkakati kwa taifa, hivyo mamlaka ya ushindani wa biashara isijisumbue kulichunguza.

Wakati huo wananchi wape adui. Mwaka 2015 serikali ilitandaza mabango ya kuwaonya wakimbizi wasije kuchukua kazi za watu. Mabango yaliandikwa kwa Kihungaria, lugha ambayo mkimbizi kutoka Syria haijui hata salamu yake. Waliokusudiwa, bila shaka, walisoma vizuri sana. Baadaye zamu ikawa ya bilionea George Soros, ambaye wakfu wake ndio uliomfadhili kijana Orbán kwenda kusoma Oxford mwaka 1989. Usione haya kumgeuka mfadhili. Shukrani haina kura.

Hatua ya 5: Uchaguzi usiufute, uupime upya

Mtu anayefuta uchaguzi hana hoja. Wewe punguza viti, chora upya majimbo, badili kanuni za kugawa mabaki ya kura. Bunge la Hungaria lilishushwa kutoka viti 386 hadi 199, na mwaka 2014 asilimia 45 hivi ya kura ikazaa viti 133, yaani theluthi mbili kamili.

Kisha jiwekee akiba ya uzeeni. Mambo makubwa yafungie katika sheria zinazohitaji theluthi mbili kubadilishwa, na watu wako wape vipindi vya miaka tisa. Hata siku ukishindwa, atakayekurithi ataapishwa leo na kuanza kutawala akipata theluthi mbili.

Wakosoaji wakija, kila kifungu kitafutie nchi moja inayoheshimika ambako kipo. Watakagua kifungu kimojakimoja na wasione ubaya. Hakuna mkaguzi anayelipwa kuvisoma vyote kwa pamoja.

Tahadhari kwa mtumiaji

Usiwaogope waandamanaji wa baadaye. Tarehe 2 Januari 2012 makumi ya maelfu ya watu walifurika nje ya jumba la opera la Budapest, huku ndani viongozi wakiisherehekea katiba mpya. Umati ulikuwa mkubwa, hasira ilikuwa ya kweli, na katiba ilikuwa imeanza kutumika jana yake, miezi minane baada ya kupitishwa.

Siku yako ya hatari ni ile ambayo muswada ungali muswada, jaji wa miaka 62 hajafungasha vitabu vyake, na mwananchi mmoja anauliza haraka hii ni ya nini. Akiwa peke yake, mjibu kwamba ni taratibu za kawaida tu. Wakiwa maelfu, na bado ni mwezi Machi, funga mwongozo huu, mheshimiwa, urudi majukwaani ukaombe kura kama wenzako.