Namna ya Kumhukumu Mweka Hazina Aliyekula Hela za Kikoba

Mahitaji: kalamu, karatasi moja, chai ya kutosha, na kosa lako mwenyewe. Moja tu linatosha, ila liwe la kweli. Usilete yale makosa ya kujisifia, ya "tatizo langu mimi nawaamini sana watu". Lete lile ambalo ukilikumbuka usiku unageuza mto.

Sasa keti, maana hatua ya kwanza ni kukaa kimya mpaka hela zihesabiwe. Sisi hatukuweza. Ilikuwa Jumamosi ya kuvunja kikoba, wanachama 24 kwenye mkeka nyumbani kwa mwenyekiti, kila mmoja keshapanga mgao wake utakwenda wapi. Mweka hazina akachelewa. Alipofika hakuketi. Alisimama mlangoni, kanga kaishika kifuani, akasema hela hazijatimia. Zilipungua shilingi 1,140,000. Hajamaliza kusema, mtu ameshatamka "mwizi", na mwingine akaongeza kwamba yeye alimjua siku nyingi, hata macho yake yalionyesha. Nilitikisa kichwa kukubali. Macho yale yale tuliyachagua kwa kura zote mwanzoni mwa mzunguko, tukisema huyu dada ana uso wa huruma.

Hatua ya pili inahitaji ile kalamu. Andika neno ulilomwita mwenzako, halafu uliangalie vizuri. Mwizi. Tapeli. Mwongo. Mlevi. Yote ni majina. Kisha andika maneno unayoyatumia unapokosea wewe: niliteleza, nilipitiwa, nilibanwa, nilighafilika. Yote ni vitenzi, na vingi vyao vinasema kuna kitu kilikuja kutoka nje kikakukuta umesimama tu njiani. Lugha yetu ina ukarimu mkubwa kwa anayesema "mimi". Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliupa jina mwelekeo huu wa kueleza makosa ya mwenzako kwa tabia yake na kuisahau hali iliyomzunguka, lakini bibi zetu wangeuona kwenye sarufi tu. Kwa hiyo lifute lile jina, uandike kitenzi, na ukipe wakati na mahali: alichukua hela, mwezi wa nane, mume wake alipolazwa. Kosa linabaki pale pale. Kilichobadilika ni kwamba sasa lina mwanzo, na chenye mwanzo kinaweza kuzungumzwa.

Hapa ndipo unapolitoa lile kosa lako, na hapa usiharakishe.

Langu ni hili. Mwenzetu mmoja kazini alifiwa na baba yake, nikateuliwa kukusanya rambirambi. Hela zikawa zinaingia kwenye simu yangu, elfu tano tano, elfu kumi kumi. Usiku wa pili Luku ikaisha nyumbani, na mtoto alikuwa anajisomea kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba. Nikanunua umeme wa shilingi 20,000 kwa hela ya msiba. Sikujiambia ninaiba, nilijiambia ninaazima. Kesho yake nikaazima tena 15,000, na safari hii hata sababu siikumbuki. Hilo la pili ndilo linaloniuma. Mshahara wangu ukaingia siku moja kabla ya kwenda msibani. Nikarudisha, orodha ikatimia hadi shilingi ya mwisho, na wafiwa wakanishukuru kwa uaminifu. Niliipokea ile shukrani nikiwa nimeinamisha uso, wao wakadhani ni heshima ya msiba.

Weka kosa lako kando ya la mwenzako, uyatazame pamoja. Nilipofanya hivyo, nilitafuta ukuta kati yangu na mweka hazina, nikaukuta ni tarehe ya mshahara. Mshahara ungechelewa siku mbili, mimi ndiye ningesimama mlangoni nimeshika kanga.

Kama bado unaamini kwamba watu wema wana kinga, kuna jaribio moja la kulifikiria. Mwaka 1973 watafiti John Darley na Daniel Batson walichapisha habari ya wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia huko Princeton, Marekani. Waliambiwa waende jengo la pili wakatoe hotuba fupi, na baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema. Njiani alikuwepo mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuguna. Watafiti ndio waliomweka. Wale walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama wakamsaidia. Wale walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Mada waliyokuwa wameibeba kichwani haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliokuwa wanakwenda kumhubiri Msamaria wakamruka yule mgonjwa ili wawahi. Vijana wale hawakuwa wanafiki. Walikuwa na haraka. Na haraka ni kitu kidogo sana ukiilinganisha na mume aliyelazwa.

Hatua inayofuata ni ngumu, na wengi huishia hapa. Mweka hazina wetu alieleza matumizi yote, mwenyekiti akiandika. Hospitali tulielewa, tukaanza hata kupangusa machozi. Kisha akasema shilingi 180,000 zilikwenda kwenye sare ya harusi ya mdogo wake. Machozi yakakauka mkeka mzima. Huruma yangu nayo ikakwama, kwa sababu nilikuwa nimeiandaa kwa ajili ya mgonjwa tu.

Ukikwama hapo, kunywa chai, urudi kwenye karatasi yako. Mimi nilirudi kwenye ile 15,000 isiyo na sababu. Kisha nikajaribu kumwona dada mkubwa wa bibi harusi ameingia ukumbini peke yake bila sare, shangazi wanaulizana kwa macho, naye keshachukua hela ya watu mara tatu na mkono umeshazoea. Aibu ya namna hiyo naijua. Kuielewa hakukupunguza deni hata senti moja, na hakupaswi kupunguza. Ila kulinifanya niweze kumtazama usoni wakati tunamdai, na yeye aliponiona namtazama akaacha kujitetea, akaanza kutaja kiasi halisi. Tukajua kwamba kweli ni 1,140,000, siyo zaidi. Kwa kelele za "mwizi" tusingeijua.

Tahadhari moja: kama kosa lenyewe ni mkono unaopiga mtoto au mke, anza na kumtoa anayepigwa. Mengine yatasubiri.

Sasa lifuate sanduku. Namna hii ya kuweka akiba kwa kikundi ilianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi waliosaidiwa na shirika la CARE, na moyo wake ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu wa kawaida, asiwemo mwenyekiti, wala katibu, wala mweka hazina. Sanduku linakaa kwa mtu mwingine, na linafunguliwa mbele ya wote tu. Zamani nililiona kama alama ya kutoaminiana. Siku ile nililiona upya. Sanduku lile halimwiti mtu mwizi. Linajua kwamba mwezi wa nane unaweza kumkuta yeyote, na linamlinda mapema, kabla hajapitiwa.

Nasi tulikuwa tumeliacha. Tulichoka kubeba noti, tukaanza kutuma hisa kwa simu, zote kwenye laini ya mtu mmoja, kwa sababu ni mwema. Sanduku lilikuwa chini ya meza ya mwenyekiti, juu yake kuna ndoo. Tulikuwa tumempa dada wa watu zigo ambalo wanawake wa Maradi hawakumtwisha mtu yeyote, halafu tukashangaa shingo yake imepinda.

Kwa hiyo toa hukumu, maana bado inatakiwa itolewe. Yetu ilikuwa hivi: atalipa shilingi 95,000 kila mwezi kwa miezi 12, mwenyekiti akiandika na yeye akitia dole gumba. Ameondolewa kwenye uongozi. Amebaki mwanachama. Waliopinga hilo la mwisho walikuwa watano, na mmoja wao alikuwa amekusudia mgao wake uwe ada ya chuo ya binti yake. Hakuna aliyemwambia asamehe. Tulichanga kilichopatikana ili binti asikose muhula, naye alipokea akiwa bado ana hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo.

Kisha mwenyekiti akasema tunahitaji mweka hazina mpya, na mtu akataja jina langu. Mikono ikainuka mkeka mzima. Mweka hazina wa zamani naye aliinua wake.

"Nitakubali," nikasema, "ila sanduku lirudi, na hakuna hata shilingi itakayoingia kwenye simu yangu."

"Kwani hutuamini?" akauliza bibi mmoja, mkubwa kuliko sote.

"Ninyi nawaamini, bibi," nikamjibu, nikaketi vizuri, nikaanza kuwasimulia habari ya rambirambi.