Ukipika Toa Risiti, Ukila Dai Risiti

Kwa Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi na mahakimu wa mahakama za mwanzo, Mwanza.

Naandika kwa unyenyekevu kuhusu lile swali lenu pendwa: "Risiti ziko wapi?" Halikosekani kila wawili walioishi bila ndoa wanapoachana na nyumba ikabaki katikati yao. Mwanaume anaweka mezani karatasi moja ya mauziano ya kiwanja, jina lake na mhuri wa mtaa, kisha anakunja nne. Mwanamke anatakiwa kueleza kila tofali. Kwa kuwa mmeridhika kwamba huo ndio usawa, sibishi. Naleta ombi la kuwapunguzia kazi.

Naomba jiko la kila mwanamke asiye na cheti cha ndoa lifungwe mashine ya EFD ya kutolea risiti. Ukipika toa risiti, ukila dai risiti. Ugali na dagaa wa watu wanne uchapwe kwa mstari wake; ndoo ya maji iliyopandishwa kichwani hadi juu ya mawe ya Mabatini iwe na bei tofauti na ya bondeni; kukesha na mtoto mwenye homa kutozwe kwa saa, na kuanzia saa sita usiku kiwango kipande. Siku fundi anachimba msingi, uji wake utolewe risiti nakala mbili, moja akae nayo yeye, maana huyo ndiye shahidi mtakayemwamini. Kila usiku kabla ya kulala mama achape ripoti ya Z, ile ya jumla ya siku, na kuituma kwenu. Na kwa kuwa wino wa risiti hizo hufutika upesi, mtupatie laminesheni ya bure ya kutosha miaka 15. Pamoja na hilo, naomba kipimo rasmi cha idadi ya majirani wanaopaswa kumwita "shemeji" ili sifa ya ndoa ikamilike, na futi kamba ya kugawia jabali lililo katikati ya sebule.

Mtaniambia sheria haidai hayo. Ndiyo hoja yangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitike vinginevyo. Hata ikithibitika vinginevyo, kwa mfano bwana ana ndoa ya kanisani kijijini, kifungu kidogo cha pili kinaiachia mahakama mlango. Mahakama ya Rufani ilipitia mlango huo katika shauri la Hemed Tamim na Renata Mashayo, lililochapishwa katika ripoti za sheria za 1994: dhana ya ndoa ikianguka, nyumba waliyoichuma pamoja bado inagawanywa. Na tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe alishinda hoja akashindwa kesi, lakini hoja ilibaki.) Nyumba za Igogo na Kitangiri hazijengwi kwa mkopo wa benki wenye mafaili. Zinapanda kidogo kidogo: mfuko wa saruji leo, tripu ya mchanga mwezi ujao, bati baada ya mchezo wa kikoba kumwangukia mama anayeuza dagaa mwaloni Kirumba. Fundi hulipwa taslimu. Hata mwanaume hana risiti hizo, ila yeye haulizwi.

Wapo wanaohofu kwamba mwanamke atakaa miaka 2 na kuondoka na nyumba. Hofu hiyo haina mashiko. Kinachogawanywa ni kilichochumwa kwa juhudi za pamoja, na mahakama hupima mchango wa kila mmoja. Aliyeikuta nyumba imeshaezekwa hapewi nyumba kwa kuwa alilala humo. Wengine husema kwa ukali, "Si wangefunga ndoa?" Waheshimiwa, ng'ombe wa mahari hupelekwa na nani? Mwanaume anaahidi kila mavuno kwamba mwaka huu atakwenda kwa wakwe, haendi, na siku ya kugawana anasimama mbele yenu kusema huyu si mke wangu. Nanyi mnatikisa kichwa kana kwamba amesema neno la hekima! Mnamlipa mtu nyumba kwa kutotimiza ahadi yake, halafu mnamwambia aliyewapikia mafundi arudi kwao na sufuria zake. Hiyo si sheria. Ni wizi unaogongewa mhuri.

Niwieni radhi, nimepandisha sauti. Nabaki mwombaji wenu mtiifu, nikisubiri mashine. Zikichelewa, ulizeni pande zote mbili swali lilelile, na mkubali majirani, mafundi na daftari la kikoba kuwa ushahidi, kama mnavyoukubali ule mhuri.

Nawe msomaji unayenunua kiwanja Buhongwa au Kisesa na mwenzio ambaye hamjaoana: karatasi ya mauziano iandikwe majina mawili, leo, kabla msingi haujachimbwa.