Jinsi ya Kubana Umeme na Bado Uniti Zikaisha

Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa jiko lililojifanya taa: wati 3 hivi zilitoa mwanga, zilizobaki zikawa joto. LED ya wati 9 inatoa mwanga uleule. Akiba hiyo ni nyingi mno kwa kaya moja. Fuata hatua hizi uimalize.

1. Ongeza balbu. Palipokuwa na moja weka saba: sebuleni, barazani, bafuni, mbili getini, bandani kwa kuku, na moja ya kumulikia mwembe. Tisa mara saba ni 63. Hongera, umempita jirani mwenye balbu ya babu yake.

2. Usizime. Anayeuliza mbona taa inawaka saa sita mchana, mjibu: "Si inakula kidogo!"

3. Jitafutie msomi wa kukutetea. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kwamba injini zinazobana makaa ya mawe huyafanya makaa yatumike zaidi, maana kinachopungua gharama huongezeka watumiaji. Kwa hiyo wewe si mbadhirifu, unathibitisha nadharia.

4. Sheria ikija, badili jina. Umoja wa Ulaya ulipoanza kuziondoa sokoni balbu za zamani mwaka 2009, Mjerumani Siegfried Rotthäuser aliziingiza nchini kwao kama vipasha joto vidogo, akaziita Heatball. Maelfu zilinunuliwa kabla mzigo mwingine haujakwama forodhani. Kule, wakati wa baridi, joto la balbu angalau humpunguzia kazi hita. Ukiiga mbinu hiyo Dar es Salaam mwezi Desemba, utalipia joto mara mbili: kulizalisha, kisha kuwasha kiyoyozi kilifukuze.

5. Uniti zikikata, ilaumu taa. Usiliguse birika la umeme. LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 usiku kucha, birika la wati 2,000 linamaliza umeme huohuo kwa dakika tatu na ushei. Nawe leo umechemsha chai mara ngapi? Pasi nayo tuiache ipumzike, haijaitwa shahidi.

Kwa msomaji asiyetaka kufuzu mafunzo haya: sheria ya balbu inabana umeme kweli, ila kazi yake inaishia dukani. Swichi iko ukutani kwako. Ukitoka chumbani, zima taa. Na chemsha maji ya vikombe mnavyokunywa tu.