Taula ya Jirani

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa London ni mzee wa Kilebanoni. Mimi humwita Ami. Siku ya kwanza alipobisha hodi na kuniuliza, "Tawla?", nilimpelekea taula. Safi, na nimeikunja. Kumbe kwao ndilo jina la bakigamoni: kete 15 kwa 15, dadu mbili na ubao wa pembe 24.

Siku hizi Ami huongeza na ule mchemraba wa kuzidishia dau, wa 2 hadi 64, uliozaliwa New York miaka ya 1920. Anasema Beirut waligombana vizuri tu bila huo. Dau letu ni sambusa. Ukimsukumia mwenzio mchemraba, ama atoe sambusa 1 yaishe, ama acheze kwa 2 na mchemraba uwe mali yake.

Hesabu yake naijua. Ukikataa mara nne, umetoa sambusa 4. Ukikubali mara nne, ukapigwa tatu ukashinda moja, zimetoka 6 zikarudi 2: ni zile zile 4. Basi mwenye nafasi moja kati ya nne na akubali. Jumamosi, kwa macho yangu, Ami hakuwa hata na hiyo. Nilishakula kete zake tano, na nne zilikuwa zimejibanza nyumbani kwangu, pembe ya 2 na ya 3, kama wapangaji wasiolipa kodi. Nikausukuma mchemraba kwa kidole kimoja, kwa madaha. Anayeshindwa kabla ya kutoa ubaoni kete yake hata moja hulipa maradufu: sambusa 4!

Ami akaupokea kabla sijauachia.

Mke wangu, asiyejua pembe wala dadu, akapita na karai. "Baba watoto, mbona mwenzio hana haraka?"

Anayejibanza nyuma huishi kwa muda. Kete zake nyingine zikikosa pa kutembea, huuvunja ukuta wake mwenyewe, na hata akikunasa hana pa kukufungia. Huyo mpandishie dau bila huruma. Lakini mimi kila kete niliyoila niliirudisha mwanzo wa safari, yaani nilikuwa namnunulia muda. Ukuta wake ukabaki wima. Aliyekosa pa kukanyaga ni mimi, nikaacha kete moja uchi, hatua 6 mbele yake.

"Shesh-besh!" Sita na tano. Akaila, akanirudishia mchemraba: 4. Hesabu ile ile ilinitaka nitoe 2 niende zangu. Nikakubali, maana mke wangu alikuwa anatazama.

Zilikaangwa 6, za wageni wa jioni. Wageni wakala mbili, na ndimu zote.

Jana kabisha tena. "Tawla?"

Nimemwambia imelowa, bado haijakauka.