Sifa za Mwizi Asiyejua Kuiba

Washairi wetu wamewasifu mashujaa, wakawasifu watawala, wakausifu hata mnazi. Watunzi wa filamu nao wamewasifu wapenzi mpaka machozi yakawa biashara. Katika sifa zote hizo kuna mja mmoja aliyesahauliwa: mwizi asiyejua kuiba. Ndiye huyu anayeandaa gari la kutorokea akasahau mafuta, anayevaa kinyago kisha mwenzake akamwita kwa jina lake kamili. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Yeye hajawahi kuimaliza ya kwanza.

Nasimama kumsifu, na mimi si mhakiki wa filamu. Mimi ni mtu wa kulipa kiingilio, kununua bisi na kutoka na maoni yanayozidi thamani ya tiketi. Maoni yenyewe ni haya: anayetaka kujua watu wanavyoishi pamoja na wanavyokosana, aziache filamu za ndoa zinazovunjika, akamtazame mwizi huyu.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo adabu ya kusifu. Ukoo wake una tawi tukufu London. Katika The Lavender Hill Mob ya mwaka 1951, Alec Guinness ni karani mpole wa benki aliyesindikiza dhahabu ya wenyewe kwa miaka mingi bila kupotea hata chembe. Siku akili ilipomcheza, yeye na wenzake wakaiba dhahabu hiyo, wakaiyeyusha na kuifinyanga visanamu vya mnara wa Eiffel, wakavipeleka Paris kama bidhaa za kuuzia watalii. Muuzaji, asiyejua lolote, akawauzia visanamu sita wasichana wa shule waliotoka Uingereza. Wezi wetu wakashuka ngazi za mnara mbio, kizunguzungu na kicheko vimewapanda pamoja, kukimbilia mali yao wenyewe ya wizi. Nani mwingine amewahi kuwagawia watoto wa shule dhahabu?

Mwongozaji wa filamu hiyo, Charles Crichton, alirudi mwaka 1988 na A Fish Called Wanda. Humo Kevin Kline ni Otto, jambazi anayejiona mwanafalsafa na asiyetaka kabisa kuitwa mjinga. Kwa ujinga huo Kline akapewa Oscar. Wasomi wangapi wametambuliwa hivyo kwa elimu yao?

Sasa tutazame ukarimu wake. Mwaka 1958 Mario Monicelli alitupa I soliti ignoti, kisa cha wachovu wa Roma wanaotaka kuvunja duka la rehani kwa kupitia ukuta wa nyumba ya jirani. Mmoja ni bondia aliyeshindwa. Mwingine, Marcello Mastroianni, ni mpiga picha aliyeuza kamera yake, na kwa kuwa mkewe yuko gerezani, analea mtoto mchanga huku akipanga uhalifu. Wanaume wengi waadilifu wa filamu za ndoa hawajawahi kuonekana wakimbembeleza mtoto kiasi hicho. Usiku wa kazi wakatoboa ukuta kwa jasho, wakajikuta jikoni mwa nyumba ileile. Walikosea ukuta. Hakuna aliyemshika mwenzake koo kwa kumtafuta wa kulaumiwa. Walikuta tambi na dengu, wakaketi, wakala.

Linganisheni na Marriage Story ya mwaka 2019. Adam Driver na Scarlett Johansson ni watu wa sanaa, wenye akili na mawakili. Wanapogombana, mume anaupiga ukuta ngumi mpaka unatoboka. Naye ametoboa ukuta, lakini hakupata hata tambi. Ingmar Bergman alikwisha kutuchambulia ndoa moja ya Uswidi mwaka 1973, kwa sehemu sita za televisheni, na katika sehemu zote hizo wenye ndoa wanaongea kwa ufasaha wa kutisha. Ubaya wa wapenzi wa filamu hizi ni kwamba wanajua sana kusema. Kila jeraha lina hotuba yake. Mwizi wetu hana hotuba. Anajua kwamba mpango umeharibika, kwamba wote wana njaa, na kwamba chakula kipo.

Msidhani ninaficha aibu zake. Tunaambiwa penye wengi hapaharibiki neno. Katika The Ladykillers ya mwaka 1955, wezi watano wanapanga kwa ajuza mmoja, wakijifanya wanamuziki wanaofanya mazoezi, kumbe ni santuri inayopiga. Ajuza akigundua siri, wanaamua auawe. Kila aliyepangiwa kazi hiyo anaishia kufa yeye. Wanamalizana wote, na fedha zote zinabaki kwa bibi. Hapo mwizi anafundisha jambo ambalo filamu za ndoa hulizunguka kwa saa mbili: ushirika uliojengwa juu ya hesabu ya nani apate zaidi hauhitaji adui wa nje.

Somo hilo limekamilika katika Fargo ya ndugu wawili Coen, ya mwaka 1996. Muuza magari Jerry anawakodi majambazi wawili wamteke mke wake ili baba mkwe alipe. Majambazi anawaambia fidia ni dola 80,000. Mkwe anamtajia milioni moja. Hebu niambieni kama hiyo si filamu ya ndoa! Mume amempigia mkewe hesabu kama gari la mitumba. Na majambazi wenyewe wanaachana kama wanavyoachana wengi: kwa kugombea gari. Mmoja anamkata mwenzake kwa shoka, ilhali sehemu kubwa ya ile milioni imezikwa kwenye theluji kando ya barabara, na aliyejua ilipo ndiye aliyekatwa. Pembeni yao yuko Marge, mkuu wa polisi mwenye mimba ya miezi saba, na mumewe anayechora bata kwa ajili ya stempu. Filamu inaisha wakiwa kitandani, mume akisononeka kwamba bata wake amepata stempu ya senti tatu tu, mke akimwambia kwamba hizo ndogo huhitajika kila bei ya kutuma barua inapopanda. Sijaona tamko la mapenzi lililonigusa zaidi ya hilo, na tusingelifikia bila wajinga wawili kutuongoza njia.

Najua swali linalokuja: je, akikuibia wewe? Ni swali la haki, na jibu lake linaniumiza. Mtaani kwetu anayekamatwa ni huyuhuyu asiyejua, aliyechukua kuku au simu. Magazeti huandika kwamba amekutana na wananchi wenye hasira kali, na polisi hufika kuchukua maiti. Anayejua kuiba hukaguliwa kwa barua rasmi, akapewa muda wa kujieleza, akahamishiwa idara nyingine. Kwenye sinema tu ndiko asiyejua hupata adhabu inayolingana na kosa lake: kuchekwa na watu waliolipa kiingilio. Ningependa adhabu hiyo ishuke kutoka kwenye pazia ije mitaani.

Basi natoa pendekezo kwa kamati za harusi. Bibi arusi ana kungwi wake. Bwana arusi huachwa na wajomba wanaomwambia avumilie. Mleteeni mwizi asiyejua kuiba amfunde. Atamweleza kwamba mipango huharibika, kwamba mwenzako si hesabu, na kwamba ukikosea ukuta, kaeni mle kwanza. Faida yake nyingine ni hii: siku hiyo michango ikipungua, mhazini wa kamati hatakuwa mtu wa kwanza kushukiwa.